Printa ya nyumbani: bei ya dukani ni mwanzo tu wa gharama

Printa ndogo zinazopangwa mbele ya maduka ya vifaa vya kompyuta, kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi mitaa ya Arusha na Mwanza, zina sifa moja inayowavuta wengi, nayo ni bei. Baadhi yake huuzwa kwa fedha isiyofikia bei ya simu janja ya kawaida, na juu ya boksi kuna alama ya Wi-Fi kuonyesha kwamba mashine hiyo inapokea kazi kwa mtandao usiotumia waya. Mnunuzi mwenye ruta nyumbani, kompyuta mpakato moja na simu mbili tatu za wanafamilia huona amepata alichokuwa akikitafuta. Analipa, anabeba boksi lake na kupanda daladala.

Baada ya wiki chache wino unakwisha. Anaporudi dukani kuulizia katriji mpya ndipo anapogundua kwamba katriji mbili, nyeusi na ya rangi, zikijumlishwa zinakaribia nusu ya bei aliyonunulia mashine yenyewe. Ananunua mara moja, pengine mara mbili, kisha printa inahamia juu ya kabati, inafunikwa kitambaa, na familia inarudi steshenari kama zamani. Printa za namna hiyo, nzima kabisa lakini zisizo na kazi, zimejaa majumbani.

Suala hili halihusu wenye anasa ya kuchapa picha za harusi. Nyumba nyingi siku hizi ni ofisi. Mfugaji wa kuku anayepeleka mayai hotelini hudaiwa ankara na hati ya kupokelea mzigo kila anapofika. Kikundi cha akinamama kinachofunga asali kinahitaji lebo. Mwalimu wa masomo ya ziada anahitaji mitihani 40 kwa Jumamosi moja, na katibu wa chama cha msingi cha ushirika anahitaji orodha ya wakulima na kilo walizoleta, tena kabla ya mkutano na si baada yake.

Kazi hizo zote zimekuwa zikipelekwa steshenari, na si jambo baya. Hata hivyo steshenari ina gharama ambayo haimo katika orodha ya bei iliyobandikwa ukutani. Hati ya kiwanja, nakala ya kitambulisho cha Taifa na taarifa ya benki hutumwa kwa WhatsApp kwenye simu ya kijana wa dukani, au huhamishwa kutoka kwenye flashi hadi kwenye kompyuta ambayo kila mpita njia anaichungulia. Kazi inapomalizika faili hubaki palepale. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana wanaokusanya na kuhifadhi taarifa za watu, lakini ni wateja wachache wanaothubutu kumwambia kijana huyo afute faili huku wakimtazama. Flashi nayo mara nyingi hurudi nyumbani na virusi.

Kwa hiyo sababu za kuwa na printa nyumbani zipo, na ni za msingi. Kinachokosekana ni hesabu.

Biashara ya printa ndogo za wino ilijengwa juu ya utaratibu ambao mfanyabiashara yeyote ataufahamu: mashine inauzwa kwa faida ndogo sana, na kiwanda kinarudisha fedha yake kwenye wino. Si siri wala si wizi, ila mnunuzi asiyeujua hulipa pasipo kufahamu anacholipia. Katriji nyeusi ya kawaida ya HP namba 123, inayotumika katika baadhi ya mashine za DeskJet zilizouzwa sana barani Afrika, ilipangiwa na mtengenezaji kutoa kurasa 120 hivi. Ile ya namba 305 iliyokuja baadaye ni hivyo hivyo, kurasa 120. Kurasa 120 ni mitihani 40 ya kurasa tatu tatu. Mwalimu aliyetajwa hapo juu anaimaliza Jumamosi moja kabla ya saa sita mchana.

Chupa moja ya wino mweusi ya Epson namba 103, inayomiminwa katika tangi la printa kama L3250, imepangiwa kurasa 4,500. Katriji ya tona ya HP namba 85A, inayofahamika kwa kila steshenari yenye LaserJet za zamani, imepangiwa kurasa 1,600. Tofauti ya 120 na 4,500 haihitaji mtaalamu wa kuieleza, lakini takwimu hizo haziandikwi kwa herufi kubwa mbele ya boksi. Huwa nyuma, pembeni, kwa maandishi ambayo mtu wa umri wa miaka 50 atahitaji miwani kuyasoma.

Chukulia bei za mfano, kwa ajili ya hesabu tu, kwani bei halisi hubadilika kila shehena inapoingia. Printa ndogo ya katriji iwe Sh180,000 na katriji yake nyeusi Sh45,000. Printa ya tangi iwe Sh600,000 na chupa yake Sh35,000. Steshenari ya mtaani itoze Sh200 kwa ukurasa. Familia inachapa kurasa 200 kwa mwezi, nyeusi tupu, kwa miaka miwili. Hizo ni kurasa 4,800.

Kwa printa ndogo, kurasa hizo zinahitaji katriji 40. Arobaini mara Sh45,000 ni Sh1,800,000, na ukiongeza bei ya mashine inakuwa Sh1,980,000. Kwa printa ya tangi, wino unaokuja ndani ya boksi utafanya sehemu kubwa ya kazi, na hata ukihesabu chupa mbili za ziada jumla ni Sh670,000. Steshenari ingechukua Sh960,000, tena na karatasi yake ndani. Maana yake ni kwamba mwenye printa “rahisi” ametumia zaidi ya mara mbili ya yule aliyeendelea kupanga foleni steshenari, na bado hajanunua karatasi. Waswahili husema rahisi ni ghali, na hapa msemo huo una tarakimu zake.

Hesabu hiyo hiyo inawaonya pia wale wanaokimbilia mashine kubwa. Rimu ya karatasi 500 ikiwa Sh13,000, kila karatasi ni Sh26. Ongeza Sh8 za wino, na ukurasa wa nyumbani kwa printa ya tangi unagharimu Sh34, yaani nafuu ya Sh166 kwa kila ukurasa ukilinganisha na steshenari. Ili kurudisha Sh600,000 za mashine zinahitajika kurasa zipatazo 3,600. Anayechapa kurasa 200 kwa mwezi atafika huko kwa mwaka mmoja na nusu. Anayechapa 30 atafika baada ya miaka kumi, na hakuna fundi atakayemhakikishia kwamba mashine itakuwa hai. Huyo wa kurasa 30, kama hana nyaraka za siri, abaki na steshenari yake na fedha yake ainunulie chakula cha kuku.

Takwimu za kurasa nazo zina masharti. Tona nyeusi hupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 19752, kwa kutumia ukurasa wa majaribio ambao maandishi yake hufunika takribani asilimia 5 ya karatasi. Hiyo ni barua fupi yenye nafasi nyingi nyeupe. Ankara yenye nembo nene na jedwali lililojazwa rangi, au kazi ya mtoto yenye picha ya simba ukurasa mzima, humeza wino mara kadhaa ya huo. Aidha, katriji na tona zinazokuja ndani ya boksi jipya mara nyingi hazikujazwa sawasawa na zile za dukani. Printa ya leza ya HP 107w, kwa mfano, huja na tona ya kuanzia ya kurasa 500, wakati ile inayouzwa peke yake ni ya kurasa 1,000. Kwa printa za tangi, sehemu ya chupa za kwanza huishia kujaza mirija, hivyo mzunguko wa kwanza huwa mfupi kuliko unaofuata.

Historia ya printa za tangi inafaa kukumbukwa, kwa sababu hazikuzaliwa na huruma ya viwanda. Kwa miaka mingi mafundi wa nchi za Asia walikuwa wakitoboa printa za kawaida, kuziunganisha na mirija ya plastiki na kuweka chupa za wino pembeni. Mashine zilivuja, zilichafua meza na kupoteza dhamana, lakini ukurasa ulishuka bei, na wenye maduka ya kuchapa walizipenda. Oktoba 2010 Epson ilianza kuuza nchini Indonesia printa ambazo tangi lake limewekwa na kiwanda chenyewe. Baadaye Canon na HP walifuata kwa mashine zao. Wateja wa nchi zenye kipato kidogo ndio waliolazimisha mabadiliko hayo, kwa kukataa kununua katriji.

Printa ya tangi hata hivyo inahitaji kutumiwa. Wino ni kimiminika na vichwa vyake vina matundu madogo mno. Mashine ikikaa bila kazi kwa majuma mengi wino hukauka ndani, na kuusafisha ni kuutumia wino mwingine. Ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki unatosha kuizuia hali hiyo. Pia ndani ya mashine kuna sponji inayopokea wino wa kusafishia, na siku inapojaa printa husimama na kuomba fundi. Mnunuzi aulize mapema kama sponji hiyo inabadilishwa na mwenyewe au kwa wakala, na wakala huyo yuko mji gani. Kwa mkazi wa Sumbawanga jibu la “Dar es Salaam” lina nauli ndani yake.

Anayechapa maandishi meusi peke yake, tena kwa vipindi, yaani leo kurasa 300 na kisha kimya kwa mwezi mzima, atafaidika zaidi na leza nyeusi. Tona ni unga, haikauki. Maandishi yake hayachuruziki karatasi ikirowa, jambo ambalo mwenye lebo za asali au ankara zinazosafiri kwenye bodaboda wakati wa masika atalithamini. Kwenye printa za wino inategemea aina: kuna wino wa kuyeyuka, ambao tone la maji huutawanya, na kuna wino wa chembechembe unaoshika zaidi. Chupa zote za Epson 103 ni za kuyeyuka, wakati nyeusi ya Canon GI-490 ni ya chembechembe. Muuzaji anayeijua kazi yake atajibu swali hilo bila kufungua kitabu.

Udhaifu wa leza ni umeme. Ndani yake kuna hita inayoyeyusha unga wa tona ili ushike kwenye karatasi, na hita hiyo hutaka wati 300 hadi 500 wakati wa kuchapa, huku ikiruka juu zaidi kwa sekunde chache inapowaka. Printa ya wino hutumia wati kumi na kitu. Kwa nyumba yenye umeme wa gridi hiyo si habari kubwa. Kwa mkulima anayetegemea sola na inveta ndogo ni habari ya kuamua, kwani leza itaizima inveta kabla ya kutoa karatasi ya kwanza. Watengenezaji wenyewe hushauri printa ya leza isichomekwe kwenye UPS ndogo ya kompyuta.

Baada ya wino na umeme linakuja suala la mtandao, na hapa ndipo wanunuzi wengi huchanganyikiwa kwa jambo la herufi moja. Majina ya printa yanafanana kama mapacha. HP 107a haina Wi-Fi; HP 107w inayo. Epson L3210 ni ya waya. L3250 haina haja nao. Canon G2010 ni ya waya, G3010 ni ya Wi-Fi. Kwenye Brother, herufi W mwishoni ni mtandao usiotumia waya, N ni mtandao wa kebo na D ni uwezo wa kuchapa pande mbili za karatasi. Mtu anaweza kutoka nyumbani na jina sahihi kichwani, akarudi na pacha wake kwa sababu alikuwa na nafuu ya makumi ya maelfu.

Tena si lazima kila nyumba ilipe nafuu hiyo. Palipo na kompyuta moja isiyohama mezani, printa ya waya inaweza kuunganishwa nayo na kushirikishwa kwa kompyuta nyingine kupitia mtandao wa ndani, ilimradi ile ya kwanza iwe imewashwa. Baadhi ya ruta zina tundu la USB linaloweza kufanya kazi hiyo. Lakini kuchapa kutoka kwenye simu kwa njia hizo ni usumbufu, na kwa kuwa ankara nyingi za wafanyabiashara wadogo siku hizi huandaliwa kwenye simu, kwa wengi wao Wi-Fi ni hitaji la kweli.

Hofu inayosikika mara kwa mara ni kwamba printa ya Wi-Fi “inakula bando”. Hailili. Simu inapotuma waraka kwa printa iliyo katika ruta moja, data husafiri ndani ya nyumba tu; hata kifurushi kikiwa kimekwisha kazi hutoka. Intaneti huhitajika siku ya kwanza kupakua programu ya kuendesha printa, na baadaye kwa masahihisho ya programu hiyo. Isitoshe, mashine nyingi zina njia iitwayo Wi-Fi Direct, ambayo simu huungana na printa moja kwa moja bila ruta yoyote. Kwa mtu ambaye mtandao wake wote ni simu yake, sifa hiyo ina thamani kuliko skrini ya rangi iliyowekwa mbele ya mashine.

Kosa linalorudisha printa nyingi dukani ni la masafa. Printa za bei nafuu kwa kawaida husikia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake, wakati ruta mpya hutoa 2.4 na 5, mara nyingine chini ya jina moja. Printa hutafuta, haioni, na mteja huhukumu kwamba ni mbovu. Dawa ni kuingia katika mipangilio ya ruta na kuhakikisha 2.4 imewashwa, ikibidi kwa jina lake tofauti wakati wa kuunganisha.

Kosa la pili hutokea baada ya mwezi. Umeme umekatika na kurudi, ruta imegawa upya anwani za vifaa, na kompyuta inaendelea kuitafuta printa kwenye anwani yake ya jana. Ujumbe unatokea kwamba printa haipo mtandaoni, ingawa inawaka taa mbele ya macho ya mwenyewe. Kuitengea printa anwani moja ya kudumu ndani ya ruta kunamaliza ugonjwa huo, na ni kazi ya dakika tano kwa fundi aliyeitwa kwa shughuli nyingine. Baadhi ya ruta ndogo za kubeba mkononi, nazo, huzuia vifaa vilivyounganishwa visionane kwa ajili ya usalama. Hapo printa na simu zitakuwa ndani ya mtandao mmoja kama wapangaji wasiosalimiana, hadi kizuizi hicho kiondolewe.

Kwa upande wa simu, kinachotakiwa kuonekana kwenye boksi ni AirPrint, iliyoletwa na Apple mwaka 2010 kwa ajili ya iPhone, na Mopria, umoja ulioundwa mwaka 2013 ambao kazi yake hutumika kwenye simu za Android. Printa yenye alama hizo huchapa bila simu kupakiwa programu maalumu ya kiwanda. Umuhimu wake ulionekana Desemba 31, 2020, Google ilipofunga huduma yake ya Cloud Print. Waliokuwa wakituma kazi zao kupitia huduma hiyo walilazimika kutafuta njia nyingine, ingawa mashine zao hazikuwa na ubovu wowote. Printa inayoweza kupokea kazi ndani ya nyumba, pasipo ruhusa ya kompyuta iliyo ng’ambo, ndiyo ya kununua.

Mtandao huo huo unaoleta urahisi umewapa watengenezaji mkono mrefu. Septemba 13, 2016 wamiliki wa baadhi ya printa za HP za ofisi katika nchi mbalimbali waliamka na kukuta mashine zao zinakataa katriji za kampuni nyingine zilizokuwa zikifanya kazi hadi siku iliyotangulia. Maagizo yalikuwa yamewekwa ndani ya programu ya mashine. Kampuni iliomba radhi kwa namna ilivyowaeleza wateja, na ikatoa njia ya kuondoa kizuizi hicho kwa mashine zilizohusika, lakini utaratibu wenyewe wa kuzuia katriji zisizo na kitambulisho chake haukuachwa. Leo sharti hilo huandikwa kwenye maboksi ya mashine zinazohusika. Mnunuzi anayepanga kutumia tona mbadala alitafute sharti hilo kabla ya kulipa.

Mbadala si sawa na bandia, na ni vyema tofauti hiyo ikaeleweka. Tona mbadala imetengenezwa na kampuni nyingine, imeandikwa jina la kampuni hiyo, na mteja anajua anachonunua. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua Mei 30, 2017, katika shauri la Impression Products na Lexmark, kwamba mtengenezaji akishauza katriji haki yake ya hataza juu ya katriji hiyo imekwisha, hivyo hawezi kuitumia kumzuia mwingine kuijaza upya na kuiuza. Bandia ni ile iliyovishwa boksi na nembo ya kampuni kubwa ili iuzwe kwa bei ya asili. Hapa nchini ni kazi ya Tume ya Ushindani kuisaka. Kwa printa ya leza inayochapa sana, tona mbadala nzuri inaweza kuishusha gharama ya ukurasa hadi ikaribiane na ya tangi. Iliyo mbaya huvuja unga na kuacha mistari, na kuisafisha leza iliyojaa unga ni kazi inayolipiwa.

Wapo wanaoletewa printa na ndugu walioko Dubai, Uingereza au Marekani. Zawadi haikataliwi, lakini inafaa kuulizia namba ya wino kabla haijapakiwa. Viwanda hugawa dunia katika kanda: chupa inayoitwa 103 katika soko la Afrika na Mashariki ya Kati huitwa 104 Ulaya na 003 India, katriji iliyo 305 Ulaya na Afrika ni 67 Amerika. Printa ya kanda moja mara nyingi haipokei katriji ya kanda nyingine. Mashine iliyotumika iliyotoka Marekani au Japani huweza pia kuwa ya volti 110 hivi, na leza ya volti hizo ikichomekwa kwenye umeme wa 230 haimalizi hata dakika.

Kuhusu skana na kunakili, mashine nyingi za tangi huja navyo na vinasaidia, hasa kwa nakala za vitambulisho. Ila asiyevihitaji asivilipie. Kamera ya simu inatosha kwa risiti na barua. Mwenye biashara iliyosajiliwa akumbuke pia kwamba printa ya nyumbani haitoi risiti ya kodi. Ankara na hati ya mzigo zitatoka humo, lakini risiti inayotambuliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania hutoka kwenye mfumo wa EFD ulioanza kutumika mwaka 2010.

Lawama zote hazimwangukii mnunuzi. Duka linalobandika bei ya printa lina uwezo wa kubandika pembeni yake mambo matatu: namba ya wino, bei ya wino huo siku hiyo, na kurasa zilizopangwa na mtengenezaji. Ni mstari mmoja wa kalamu. Wenye maduka ya pikipiki hawaoni haya kutaja kilometa kwa lita, kwa kuwa wateja wao huuliza. Wauzaji wa printa hawaulizwi, ndiyo maana hawasemi, na Tume ya Ushindani ingefanya jambo la maana kulitaka tangazo hilo liwe la kawaida. Shule, vikundi na vyama vya ushirika vinavyonunua mashine kwa fedha za wanachama vina sababu zaidi ya kulidai kwa maandishi kabla ya malipo kuidhinishwa.

Hadi hapo, mnunuzi aende dukani na simu yake ikiwa na chaji na waraka mmoja wa PDF ndani. Aombe boksi lifunguliwe, mashine iwashwe, na waraka huo uchapwe kutoka kwenye simu yake kwa Wi-Fi Direct, muuzaji akiwa amesimama hapo hapo. Aulize kama wino wa namba hiyo upo dukani leo, na auone kwa macho. Risiti ya EFD ichukuliwe na ipigwe picha siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi yake hufifia, na dukani dhamana ya mwaka mmoja haidaiwi kwa maneno matupu.